Masereka: Nyumba ya wazazi, kubomoa ao kutengeneza?

Wakaaji wengi wa Masereka, Butembo na Beni wanaishi katika nyumba walizoachiwa na wazee wao: za miti na udongo, za matofali mabichi, ao zile zilizobaki toka wakati wa wakoloni. Leo wanataka ndani yake umeme, maji, jiko bila moshi na choo cha karibu. Wengine wanabomoa yote, wengine wanafunika kuta na simenti. Kuko njia ya tatu, lakini iko na utaratibu wake.

Katika vilima vya Masereka, teritwari ya Lubero, ni hadithi inayojirudia. Mtoto wa nyumba anafanya biashara Butembo ao Kampala. Anatuma pesa ili nyumba ya wazazi ipendeze. Fundi anakuja, anapaka simenti juu ya kuta za udongo, nje na ndani, kisha rangi. Mwaka wa kwanza nyumba inang'aa. Mwaka wa pili inaanza kutoa sauti ya utupu ukiigonga. Mwaka wa tatu simenti inaanguka vipande vipande, na nyuma yake udongo umekuwa laini kama uji. Jamaa inasema: nyumba ilikuwa imezeeka. Kumbe mara nyingi si uzee ulioiua, ni maji yaliyofungiwa ndani.

Swali hili lina uzito zaidi siku hizi. Tangu mapigano yalipopanda kusini mwa Lubero mwaka 2024, Kanyabayonga na Kirumba, watu wengi walikimbilia upande wa Lubero-kati na Butembo. Nyumba iliyokuwa ya wazee 2 inalaza watu 10. Pesa ya kujenga upya haipatikani kirahisi, na simenti yenyewe sehemu kubwa inatoka Uganda, kama ile ya Hima karibu na Kasese, na kupita Kasindi. Barabara ikikatika, bei inapanda. Kujua namna ya kuokoa nyumba iliyopo ni jambo la maisha.

Nyumba za zamani ni za aina gani?

Kwa upana, kuko aina 3 katika eneo letu.

Ya kwanza ni nyumba ya miti na udongo: nguzo zinasimikwa ardhini, fito zinafungwa kwa kulala, na udongo unajazwa katikati. Zamani ilifunikwa na majani, leo karibu zote ziko na manjanja.

Ya pili ni ya matofali mabichi, yale yaliyokaushwa na jua bila kuchomwa. Kuta zake ni nene, mara nyingi sentimita 30 ao zaidi, na zinatunza joto usiku. Kwa fasi ya baridi kama Masereka, iliyo juu kuliko Butembo, hiyo ni faida kubwa.

Ya tatu ni nyumba za wakati wa Wabelgiji: za misheni, za walimaji wazungu na za kampuni ya madini Minière des Grands Lacs, MGL, ambayo kambi yake ilikuwa chanzo cha mji wa Butembo. Mapadri wa Assomption walifika eneo la Beni mwaka 1929, na majengo ya misheni yalienea kisha hapo. Nyumba hizi ni za matofali ya kuchoma, mawe, mbao nzito kama libuyu, na paa za manjanja, vigae ao eternit. Baada ya Novemba 1973, wakati wa zairianisation, mali nyingi za wageni zilibadilisha mikono, na karatasi zake nyingine hazikufuata vizuri. Hilo litarudi chini.

Karatasi kabla ya mwiko

Kazi ya kwanza haifanywi na fundi, inafanywa na jamaa.

Nyumba ya baba aliyekufa si ya mtoto mwenye pesa. Sheria ya jamaa ya Kongo, Code de la famille ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, wavulana na wasichana sawasawa, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa kama baba aliwatambua angali hai. Mjane naye ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Mtu hawezi kumuhamishia jikoni mama mzee juu amenunua manjanja mapya.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali, na mtu anapewa haki ya kuitumia. Karatasi yenye nguvu kuliko zote ni certificat d'enregistrement. Vijijini wengi hawana hiyo. Wanategemea ushuhuda wa chef na wa majirani. Ndiyo maana inafaa kufanya mkutano wa jamaa, kuandika nani anatoa pesa, kiasi gani, na kama hiyo pesa ni zawadi kwa jamaa ao ni deni litakalohesabiwa siku ya kugawa. Wote watie sahihi, pamoja na dada walioolewa mbali. Karatasi moja ya daftari, yenye mashahidi, imeokoa ndugu wengi kutoka mbele ya tribunal. Risiti za manjanja na misumari zitunzwe pamoja nayo.

Kwa nyumba za zamani za wazungu, ni lazima kwanza kuuliza kwenye ofisi ya ardhi jina gani limeandikwa. Kutengeneza nyumba ambayo kesho mwingine atakuja na karatasi yake ni kupoteza pesa mara mbili.

Maji ndiyo adui wa kwanza

Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na mji wa Lubero. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na inapungua kidogo tu Januari na Februari, kisha Juni na Julai. Ukuta wa udongo mkavu unaweza kusimama miaka mingi sana. Ukuta huohuo ukilowa chini kila siku unakatika.

Hesabu ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 8 kwa mita 6 ni mita 48 za mraba. Mvua moja ya milimita 20, ambayo kwetu si ya ajabu, inaangusha lita 960 kutoka hilo paa, karibu bido 48 za lita 20. Kama hakuna gutieri, yote yanaanguka kwenye miguu ya nyumba na kurusha matope kwenye ukuta.

Kwa hiyo utaratibu wa kazi unaanzia juu, kisha unaenda chini kabisa, na katikati unakuja mwisho.

Paa: kuangalia manjanja yaliyotoboka, misumari iliyolegea na mbao zilizooza. Paa litokee nje ya ukuta sentimita 60 ao zaidi, hasa upande ambao upepo unaleta mvua. Wanaonunua manjanja mapya wajue kwamba namba kubwa maana yake ni bati jembamba: 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Bei ndogo ya 32 inalipwa baadaye, siku ya upepo na mvua ya mawe.

Gutieri na tangi: yale maji ya lita 960 yanaweza kuwa faida. Katika nyumba ambamo watoto wanapanda kilima na bido kila asubuhi, gutieri moja na tangi ni mwanzo wa maisha ya kisasa. Maji ya dakika za kwanza za mvua yatupwe juu yanasafisha vumbi na mavi ya ndege. Ya kunywa yachemshwe.

Chini ya ukuta: kuchimba mfereji wa kuondoa maji kuzunguka nyumba, wenye mteremko, na usikae ukiwa umejaa takataka. Vilimani, mara nyingi ardhi ya nyuma ya nyumba imeteremka pole pole na kufunika ukuta. Ule udongo uondolewe mpaka msingi uonekane. Kisha sehemu ya chini ya ukuta, sentimita 40 ao 50, ijengwe ao ifunikwe na mawe. Hapo simenti iko na kazi yake, kati ya mawe.

Kwa nini simenti inapasua udongo

Ukuta wa udongo unapumua. Unapata unyevu kutoka chini na kutoka hewani, kisha unautoa kwa uso wake. Simenti ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri. Ikipakwa juu ya udongo, unyevu unabaki ndani. Tena, udongo unavimba na kunywea, simenti haivimbi. Kati yao panafunguka nafasi, maji ya mvua yanaingia kwa ufa mdogo, na hayatoki tena. Katika nyumba ya miti, nguzo zinaoza bila mtu kuona, na mchwa unafanya kazi yake nyuma ya ukuta mzuri.

Kinachofaa ukuta wa udongo ni kitu kinachofanana naye: udongo uliochanganywa na mchanga, majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo, na mavi ya ng'ombe kwa fasi inapopatikana. Mchanganyiko uachwe siku kadhaa, ukandwe tena, kisha upakwe mara 2: tabaka la kwanza zito, la pili jembamba. Juu yake inapakwa chokaa, inayofanya chumba kuwa cheupe bila kuziba pumzi ya ukuta.

Kujua udongo unafaa, kuna jaribio la chupa. Udongo unawekwa katika chupa hadi nusu, unaongezwa maji na chumvi kidogo, unatikiswa na kuachwa usiku mmoja. Mchanga unakaa chini, udongo laini unakaa juu. Kama ule laini ni mwingi sana, ukuta utapasuka ukikauka. Inafaa kuongeza mchanga. Kama ni kidogo sana, utabomoka kwa kidole. Fundi mzuri anapaka kwanza vipande vidogo 3 vya vipimo tofauti ukutani, anangoja wiki moja, kisha anachagua.

Wengi wanaona kazi hii kuwa ya kimaskini. Lakini huko Djenné, nchini Mali, msikiti mkubwa wa udongo, ambao UNESCO iliuweka pamoja na mji wake katika urithi wa dunia mwaka 1988, unapakwa upya na wakaaji wote pamoja katika sikukuu maalumu. Unasimama juu unapakwa.

Kufungua madirisha bila kuangusha nyumba

Nyumba za zamani zina madirisha madogo, juu ya baridi. Leo watoto wanahitaji mwanga wa kusomea. Kupanua dirisha kunawezekana, lakini kuna mipaka. Dirisha likae mbali na kona ya nyumba, angalau mita 1. Juu yake iwekwe linto ya mbao nzito ao ya beto, inayoingia ukutani sentimita 30 kila upande. Na kabla ya kukata, paa lishikiliwe na nguzo za muda.

Mfano mkubwa wa hatari hii umetoka Zanzibar. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, lilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi za kulitengeneza zikiendelea. Watu 2 walikufa. Lile ni jengo la mawe na chokaa, kubwa mara nyingi kuliko nyumba ya Masereka, lakini funzo ni lilelile: nyumba ya zamani ni dhaifu zaidi wakati imefunguliwa. Wakati wa kazi, hakuna anayelala chini ya ukuta uliokatwa, hata usiku mmoja.

Eneo letu pia ni la matetemeko. Tarehe 20 Machi 1966, tetemeko la Toro liliua watu zaidi ya 100 pande zote mbili za mpaka, Uganda na upande wa Beni. Nyumba ya miti iliyofungwa vizuri inacheza na tetemeko bila kuvunjika haraka. Ya matofali inahitaji mkanda wa mbao ao wa beto unaozunguka juu ya kuta zote, ili zisifunguke kama kitabu. Anayeezua paa ili kuweka manjanja mapya yuko na nafasi ya kuweka huo mkanda. Akifunika bila kuuweka, hataufikia tena mpaka paa lingine.

Moshi, makala na baridi

Jiko ndilo chumba kinachoua bila kelele. Shirika la afya duniani, OMS, linahesabu kwamba moshi wa kupikia nyumbani ulihusika katika vifo milioni 3,2 duniani mwaka 2020. Wanaoathirika zaidi ni mama na watoto wadogo, juu ndio wanakaa karibu na moto.

Kuleta jiko ndani ya nyumba kubwa, sawa vile wengi wanataka, kunafaa tu kama moshi una njia yake: jiko la udongo lililofunikwa, lenye bomba linalopita juu ya paa. Pale bomba linapopita karibu na mbao, iachwe nafasi, na mbao zikingwe na bati. Bila bomba, jiko libaki nje.

Baridi ya Masereka inaleta hatari nyingine. Usiku watu wanaingiza mbabula ya makala chumbani na kufunga mlango. Makala yasiyotoa moshi yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi. Mtu analala na haamki. Katika nyumba ya zamani, hewa ilikuwa inapita kwa matundu mengi. Nyumba ikitengenezwa na kuzibwa vizuri, mbabula ileile ya miaka yote inakuwa ya kuua. Joto litafutwe kwa njia nyingine: kuta nene, mlango unaofunga, na plafo ya mikeka ao ya mbao chini ya manjanja. Plafo inapunguza pia kelele ya mvua.

Eternit: isiguswe ovyo

Nyumba nyingine za wakati wa wakoloni ziko na vipande vya kijivu, vigumu, vyenye mawimbi, juu ya paa ao kwenye plafo. Eternit ya zamani ilitengenezwa na simenti pamoja na amianti. Ikikaa nzima, hatari ni ndogo. Ikivunjwa, ikikatwa na msumeno ao kusuguliwa, inatoa vumbi linaloingia katika mapafu, na ugonjwa wa kansa unaweza kutokea miaka 20 mpaka 40 kisha hapo. Umoja wa Ulaya unaikataza kabisa toka 2005.

Kama haijavunjika, ni afadhali kuiacha. Kama ni lazima kuitoa, ilowanishwe na maji, ishushwe nzima bila kutupwa, wafanyakazi wafunike pua na mdomo na barakoa nzuri, nguo zao zifuliwe kando, na vipande vizikwe kwa kina mbali na maji. Visitumike kufunika kibanda cha kuku, wala kusagwa kwa ajili ya barabara ya kiwanja.

Umeme na choo

Kwa wengi wa Masereka umeme unaanza na plaki ya jua. Plaki ni kilo kadhaa, na upepo unaivuta juu. Ifungwe kwenye mbao za paa zilizo nzima, si kwenye bati peke yake. Batri ikae fasi yenye hewa, mbali na kitanda na moto. Waya zipite ndani ya tiyo, hasa katika nyumba ya miti, na kuwe na kitu cha kukata umeme wote kwa mara moja. Nyaya nyembamba zilizounganishwa na plastiki ni chanzo cha moto, na nyumba ya miti inaungua haraka.

Choo cha ndani kinapendeza wazee, lakini kinaleta maji ndani ya nyumba ambayo inaogopa maji. Inafaa zaidi kujenga choo na duche katika chumba kidogo cha matofali ya kuchoma kilicho ubavuni, chenye mlango wa kuingilia kutoka nyumbani na msingi wake peke yake. Bomba likivuja huko, ukuta wa udongo wa nyumba kubwa hauguswi. Shimo liwe mbali mita 30 na chemchemi ao kisima, na upande wa chini wa kilima.

Pesa ikiwa kidogo, ianzie wapi?

Wachache wanaweza kufanya yote mara moja. Utaratibu unaofaa ni huu: karatasi ya jamaa, paa na gutieri, mfereji na mawe ya chini, mkanda wa juu na nguzo zilizooza, jiko na bomba la moshi, kupaka kuta na udongo na chokaa, umeme, choo, na mwisho rangi na mapambo. Kazi za udongo zifanywe Januari ao Juni, wakati mvua inapungua, ili ukuta ukauke.

Wapo ambao nyumba yao haiokoki: kona zimefunguka, kuta zimelala, nguzo zote zimeoza. Hapo kubomoa ni haki. Hata hivyo, mbao za libuyu, milango, mawe na udongo wenyewe vinaweza kurudi katika nyumba mpya. Matofali mabichi ya zamani yakilowanishwa yanakuwa udongo tena, na hayahitaji kuni hata moja, wakati tanuru ya matofali ya kuchoma inakula miti mingi.

Lakini kabla ya kuamua, ni vizuri kwenda nyuma ya nyumba siku ya mvua kubwa na kutazama dakika 10: maji yanaangukia wapi, yanaelekea wapi, yanasimama wapi. Fundi anayeitwa kesho yake aonyeshwe zile fasi kwanza. Akianza kwa kuuliza mifuko mingapi ya simenti itanunuliwa kwa ajili ya kupaka kuta za udongo, jamaa iko na haki ya kutafuta fundi mwingine.